Bibi Hana Likizo: Mhadhara kwa Watumishi Wanaokaribia Kustaafu

Ndugu Mwenyekiti, maofisa utumishi mliotualika, na ninyi wenzangu mnaokaribia kuaga ofisi: nimeombwa nizungumzie kustaafu kwa hiari mtu akiwa na miaka 55 na kwenda kuishi kando ya bahari, kama nilivyofanya mimi nilipoacha chaki na kuhamia Pangani, mkoani Tanga. Nitalizungumza, ingawa wanaonifahamu wanajua kwamba nina hoja moja tu, kwamba bibi hana likizo, na kwamba kila nikipewa kipaza sauti huirudia hiyo hiyo.

Habari ya kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mstaafu, sitaigusa. Mmeisoma tangu mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018, mkaisoma tena Julai 2022 mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, ulipowekwa kwenye asilimia 33, na mabadiliko ya 2024 mnayajua kuliko mimi; wamo humu wanaokumbuka ile 1/580 ya kukokotolea pensheni hata wakiamshwa usiku wa manane. Ninachouliza ni kitu kingine. Hiyo miaka mitano iliyo kati ya 55 na 60, ambayo sheria inakuachia uamue mwenyewe, unaichukua ya nini? Nikiuliza hivi hujibiwa mradi wa kuku, fremu za duka, bodaboda mbili za kukodisha. Sina ugomvi na kuku. Lakini hebu mtu wa miaka 55 atazame nyumbani kwake: binti mkubwa ameolewa au ameshaposwa, wa kati anahitimu chuo, kitindamimba yuko sekondari, na wazazi, kama bado wapo, wamefika umri wa kushikwa mkono kwenda msalani. Shughuli zote kubwa za ukoo zinaangukia humo humo, na wewe ndiye mzee wake.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku zisizopungua 3, ambazo sitaki kuzizungumzia kwa sababu ya shinikizo langu la damu. Bibi je? Bibi hana kitu. Atazameni vizuri kifungu cha ruhusa za kifamilia: mjukuu akifariki, Mungu apishie mbali, bibi aliyeajiriwa anapewa siku zisizopungua 4, mjukuu akizaliwa, hapewi hata mchana mmoja. Sheria inamtambua bibi msibani, uzazini haimtambui. Kwa hiyo anachobakiwa nacho ni likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 28, na siku 28 hazifiki arobaini ya uzazi hata ukizinyoosha vipi; ile miaka mitano ndiyo likizo ya bibi.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipitia. Binti yangu alipopata uzazi wa kwanza alikuja kwangu, kama desturi yetu ilivyo, na mimi nilikuwa bado kazini. Nilichukua likizo nzima. Wanaojua kulea mzazi wanajua kazi yenyewe: alfajiri unachemsha maji, unachovya kitambaa, unakikamua huku vidole vinaungua, unamkanda tumbo na kiuno, kisha unamfunga mkaja, unampikia uji wa pilipili manga na kumsimamia mpaka amalize, maana wasichana wa leo hupiga mafunda mawili wakasema wameshiba. Halafu unakaa juu ya kibao, unanyoosha miguu, unamlaza mtoto kwenye miundi na kumwogesha, naye mama yake amesimama mlangoni akiogopa kwamba utamwangusha. Likizo ilipokwisha, mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuniuliza maswali ambayo mzazi hawezi kumwuliza muuguzi mwenye foleni. Nikashika mkoba nikarudi shuleni kusahihisha madaftari, na zile siku zilizobaki akazimalizia jirani, mwanamke mwema ambaye mpaka leo mjukuu wangu humwita bibi bila kukosea. Uzazi wa pili nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilikaa arobaini yote, nikapitiliza, mpaka mkwe wangu akaanza kuuliza kwa adabu kama mkewe anakumbuka kwamba ana kwake.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: mwalimu, siku hizi kuna kliniki, kuna dada wa kazi, kuna simu ya video. Kliniki naiheshimu, na mzazi akitoka damu nyingi au akishikwa na homa, weka kando kitambaa chako umkimbize hospitali, usingoje shauri la mtu. Dada wa kazi mara nyingi ni mtoto wa watu ambaye naye bado anahitaji kulelewa. Na simu ya video nimeitumia sana: inakuonyesha paji la uso la mjukuu na nusu ya pazia. Haikuonyeshi kwamba saa tisa za usiku mwanao ameketi kitandani analia na hajui analilia nini. Hilo huonwa na mtu aliyelala chumba cha pili.

Mwingine atasema kwamba haya ni ya wanawake, wanaume yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Akika inataka mbuzi, na mbuzi anataka mtu wa kumchagua asiyepunjwa mnadani. Zaidi ya hapo, kila mtoto anapozaliwa kuna mwingine wa miaka mitatu aliyepokonywa mama yake ghafla, na huyo ndiye mali ya babu. Anashikwa mkono mpaka gatini, anatazama kivuko kikivuka mto kwenda Bweni, ng'ambo ya pili, na kurudi, magari yakishuka, wauza samaki wakigombania nafasi, na kesho anataka tena. Babu mwenye ofisi hawezi kazi hiyo.

Hapa ndipo pwani inapoingia, kwani wengi wenu mnadhani mtu huridhika kwa kutazama maji. Atayazoea baada ya mwezi mmoja. Kinachomridhisha ni kwamba nyumba ina wageni wake na matumizi hayamzidi nguvu. Wajukuu wa likizo ya Desemba hukuta kaskazi imeanza, joto kali, lakini wanaoga baharini mpaka wageuke weusi; wa Juni hukuta kusi, bahari imechafuka, vyombo vichache vinatoka, na samaki wanapanda bei. Mwenye kujua hilo hupanga mfuko wake. Bamvua likija, wanawake wa mtaani kwangu huingia miambani kusaka pweza, nami hununua palepale wanapotoka majini.

Kuhusu michango nitakuwa mfupi, ingawa ina mambo mengi. Mstaafu aliyehamia pwani hutafutwa na kamati za arusi kuliko mbunge, kwa imani kwamba amelala juu ya mkupuo. Kuna jamaa mmoja aliitoa arusi ya bintiye ukumbini Dar es Salaam, chakula cha watu mia tano, muziki, mapambo, na mtu wa kurusha ndege ya kamera. Mwaka uliofuata aliuza pagala lake ambalo lilikuwa limebakiza kuezekwa tu. Amri ya nyumbani kwangu ni kwamba michango yote hutoka kwenye pensheni ya mwezi, na ikiisha imeisha, hata mwombaji awe mtoto wa dada yangu. Wamenuna, kisha wakazoea, na kwenye arusi bado nakalishwa mbele.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bima ya afya: kadi ya mstaafu inakuhusu wewe na mwenza wako, kwa hiyo mwenye mtoto ambaye bado anasoma amtafutie njia yake kabla ya kuandika barua ya kustaafu. Nyumba: chumvi inakula mabati, ulizeni wenyeji wanaezekea nini. Viwanja: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na madalali hawaitaji mita hizo hata kidogo. Aliyekwisha kuonyeshwa kiwanja ambacho mawimbi yanagonga uzio, aje tuzungumze wakati wa chai, kabla hajalipa.