Kasha limezidi kompyuta

MWAJUMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mwenzangu kaingia studio na kompyuta kwapani na uso umemkunjamana. Kulikoni, mdogo wangu?

BARAKA: Dada Mwaju, si unajua mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu? Watu 25. Jumapili tumefungua kasha, kufuli zote tatu, tukahesabu mbele ya kila mtu. Hela za kwenye kasha zimezidi za kwenye Excel kwa shilingi 150,000.

MWAJUMA: Zimezidi? Si mngepiga vigelegele!

BARAKA: Thubutu! Mama mmoja akasimama: "Leo zimezidi, siku zikipungua utatuambia ni kompyuta." Nilikosa jibu.

MWAJUMA: Na ana haki. Haya, fungua faili. Michango iko safu gani?

BARAKA: Safu ya B, kuanzia B2 mpaka B26. Chini nimeweka SUM, fomula ya kujumlisha.

MWAJUMA: Kwenye seli yoyote tupu andika =COUNT(B2:B26). Inakupa ngapi?

BARAKA: 22.

MWAJUMA: Sasa andika COUNTA, mabano yaleyale.

BARAKA: 25. Aa, mbona zinapishana?

MWAJUMA: COUNT inahesabu seli zenye namba tu. COUNTA inahesabu seli yoyote yenye kitu. Kwa hiyo seli tatu zina kitu ambacho si namba. Pitisha jicho: tarakimu nyingi zimeegemea kulia, sivyo? Zitafute zilizoegemea kushoto.

BARAKA: Hizi hapa! Nilidhani ni muonekano tu. Zimeandikwa "50,000/=".

MWAJUMA: Umeandika kama unavyoandika risiti. Ukishaweka hiyo mkwaju na alama ya sawasawa, kwa Excel hayo ni maneno, kama ungeandika "kesho nalipa". Na SUM ikikuta maneno ndani ya safu, inayaruka kimyakimya. 50,000 mara tatu?

BARAKA: 150,000! Lakini dada, mbona haikunionyesha kosa? Yale yenye alama ya reli (#) mbele nayajua.

MWAJUMA: Ungejumlisha kwa B2+B3+B4 na kuendelea, ungeoneshwa #VALUE! hapohapo. Mimi makosa ya reli siyaogopi, yale yanajisema yenyewe. #DIV/0! unagawanya kwa sufuri au kwa seli tupu. #NAME? umekosea jina la fomula. #REF! seli iliyotegemewa umeifuta. Kama ni sasa hivi, bonyeza Ctrl na Z irudi. Na ukiona reli tupu, ########, mara nyingi safu ni nyembamba tu, ipanue.

BARAKA: Hiyo ya mwisho iliwahi kunitoa jasho usiku mzima.

MWAJUMA: (anacheka) Hujawa wa kwanza. Sasa chagua safu ya B, bonyeza Ctrl na H. Tafuta "/=", sehemu ya kubadilishia acha tupu, badilisha zote.

BARAKA: Jumla imepanda! Imelingana na kasha. Alhamdulillahi. Ila nazipenda zile "/=" zangu.

MWAJUMA: Ziweke kwenye mwonekano wa seli, sehemu ya Custom: #,##0"/=". Utaziona, lakini ndani inabaki namba. Usijione mjinga lakini. Wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti mwaka 2010 kuhusu madeni ya nchi, wanasiasa wakaunukuu kweli kweli. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, akapitia faili lao. Fomula ya wastani ilitakiwa ifike mstari wa 49, ikaishia wa 44. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zikabaki nje.

BARAKA: Nchi tano!

MWAJUMA: Na hakuna reli hata moja iliyotokea. Kulikuwa na mabishano mengine juu ya njia yao, lakini hilo la Excel walilikubali. Haya, hii safu ya mikopo umeifanyaje?

BARAKA: VLOOKUP inavuta deni la kila mtu kutoka karatasi ya mikopo. Zilijaa #N/A, yaani jina halikupatikana, kijana mmoja akanionyesha IFERROR, ile inayoficha kosa kwa kuweka kitu kingine, nikaweka sufuri. Ikapendeza.

MWAJUMA: Ikapendeza! Umelitia tope taa la onyo la gari kwa kuwa linakuumiza macho. Waliokopa ni wangapi?

BARAKA: Tisa.

MWAJUMA: Basi wasiodaiwa wawe 16. Ondoa IFERROR, uhesabu #N/A.

BARAKA: ...14, 15, 16... 17. Subiri. Kuna mtu ana mkopo na hapa anaonekana hadaiwi.

MWAJUMA: Bofya jina lake kwenye karatasi ya mikopo. Kishale kimesimama wapi?

BARAKA: Kimeacha nafasi moja baada ya herufi ya mwisho.

MWAJUMA: Kwa VLOOKUP huyo ni mtu mwingine kabisa. Tumia TRIM, inayoondoa nafasi za ziada, kusafisha majina ya karatasi zote mbili. Na mwisho wa VLOOKUP uhakikishe umeweka FALSE, ili itafute jina linalolingana kabisa, la sivyo itakuletea deni la jirani. Ni nani huyo?

BARAKA: (kimya) Mwenyekiti.

MWAJUMA: Yallah.

BARAKA: Anajua anadaiwa, ila miezi miwili hii nimekuwa nikimsomea "sufuri" na yeye anaitikia kwa kichwa. Jumapili nitaanzaje?

MWAJUMA: Anza na ile 150,000, umalizane na yule mama. Mwenyekiti mpitie Jumamosi nyumbani kwake, na kompyuta usiisahau.