Risiti 041, 042, 043

HADIJA: Karibuni tena, tunarekodi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na mkisikia honi ni malori ya mpakani, hatuna la kufanya. Mwalimu Wafula, shikamoo.

WAFULA: Marahaba, Mama Sauda. Naona leo umebeba daftari. Limeliwa na panya?

HADIJA: Panya wapi! Huyo ni kitinda mimba wangu. Nililiandika nilipokuwa katibu wa chama cha wazazi na walimu, PTA, katika shule moja ya msingi ambayo siitaji. Watoto wa watu wale bado wanasoma pale.

WAFULA: Usiitaje.

HADIJA: Nimelitoa kwa sababu ya ujumbe wa mzazi mmoja kutoka Tororo. Mweka hazina wao anapokea pesa za chakula kwenye laini yake mwenyewe ya simu. Akiulizwa, anajibu kwamba mwenyekiti anajua. Mzazi anauliza: tumpeleke polisi, au tumtoe kwenye grupu la WhatsApp?

WAFULA: (anacheka) Kumtoa kwenye grupu! Mtu ana pesa zenu, nyinyi mnamfungia mlango ili asisikie mkiziulizia.

HADIJA: Mimi nilifanya baya zaidi, tutafika huko.

WAFULA: Kwanza watu wajue tunazungumzia chombo gani. Nilipoanza kufundisha miaka ya 1980, mshahara wa serikali ulikuwa unaisha kabla ya juma kuisha. Kilichotuweka darasani ni pesa za PTA, na PTA ikawa na nguvu kweli. Mwaka 1997 ikaja UPE, elimu ya msingi bila ada, na wengi wakadhani mambo ya kuchangishana yamekwisha.

HADIJA: Yakwishe wapi, mtoto akikaa hadi jioni bila posho, yaani ugali wa mahindi, wala maharagwe?

WAFULA: Ndiyo maana yakarudi. Sasa Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza kuwatoza watoto wa UPE, lakini inaacha michango ya hiari kwa jambo la dharura. Sheria hiyohiyo inaitambua kamati ya usimamizi wa shule, ambayo mwalimu mkuu ndiye katibu wake. PTA inaendeshwa kwa katiba yake yenyewe. Kwa hiyo mzazi wa Tororo kabla hajamgusa mtu yeyote, atafute hiyo katiba.

HADIJA: Yetu ilikuwa kwenye kabati la mwalimu mkuu. Nakala moja, na kurasa mbili za mwisho hazikuwepo.

WAFULA: Kurasa za nini?

HADIJA: Za jinsi ya kumwondoa kiongozi.

WAFULA: Panya tena.

HADIJA: Haya, niseme yaliyotupata. Kila mtoto alikuwa analipa shilingi 30,000 kwa muhula. Mweka hazina wetu alikuwa mtu wa watu, tena sana. Kwenye msiba ndiye wa kwanza kufika na turubai. Bomba la maji la shule lilipokufa, alitoa pesa zake mfukoni. Sasa katikati ya muhula wa kwanza uji ukaanza kuwa mwepesi. Mwanangu akaniambia, «Mama, leo tumekunywa maji ya uji.» Nikaomba kuona risiti za posho.

WAFULA: Akakupa?

HADIJA: Bila kusita, kwenye bahasha, zimepangwa vizuri. Nikaziangalia nikiwa kibandani kwangu, wateja hawapo. Ya Februari namba 041. Ya Machi 042. Ya Aprili 043.

WAFULA: Hee.

HADIJA: Na duka lenyewe nalijua, Mwalimu! Lile duka linauza kutwa, watu wamepanga foleni. Kwa miezi mitatu halikumwandikia mtu mwingine risiti hata moja? Halafu wino wa aina moja, na mkono ule ule umeandika «mia saba» kwa s mbili kwenye risiti zote tatu.

WAFULA: Hapo ulikuwa na ushahidi mkononi. Ukafanya nini?

HADIJA: Nikazipiga picha, saa nne usiku, nikatuma kwenye grupu. Nikaandika: «Wazazi, mwizi wetu huyu hapa.»

WAFULA: Mama Sauda!

HADIJA: Nilikuwa na hasira. Asubuhi kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia mbili na hakuna hata mmoja unaozungumzia posho. Nusu wananitukana, nusu wanamtukana yeye. Mke wake alikuwa mteja wangu wa vitenge, akaacha kupita hata njia ya kibandani kwangu. Wazee wakasema namwonea mtu aliyewazika wazazi wao. Na yeye akapata kisingizio: akasema hataleta vitabu mpaka nimwombe radhi. Wiki tatu zikapotea hapo.

WAFULA: Na ungeweza kushtakiwa kwa kumkashifu. Watu husema lisemwalo lipo. Kwenye porojo sawa. Kwenye pesa, lisemwalo linabaki maneno mpaka kitabu kifunguliwe.

HADIJA: Aliyetuokoa ni mama mmoja muuguzi, mpole, hajawahi hata kuchangia neno mkutanoni. Akasema tuache kuuliza kama ni mwizi. Tumwandikie barua tuombe vitu vinne: kitabu cha mapato, taarifa ya benki, taarifa ya laini ya simu na vishina vya hundi. Tumpe siku saba, na nakala iende kwa kamati ya usimamizi.

WAFULA: Barua ni kitu kikubwa. Mtu anaweza kukukwepa sokoni, lakini barua yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea haikwepeki. Na nani alivikagua vitabu hivyo?

HADIJA: Wazazi watatu. Mimi nikakataliwa, na walikuwa na haki, nilishasema «mwizi» mbele ya watu wote. Rafiki wa kanisani wa mweka hazina naye akakataliwa.

WAFULA: Na mweka hazina mwenyewe akasikilizwa?

HADIJA: Alikuja na maelezo yake kwa maandishi. Hapo ndipo nilipoona aibu kidogo, kwa sababu sehemu ya pesa ilikuwa kweli. Lori lilikwama kwenye tope, akalipa boda kumi kubeba magunia, na wapi boda anatoa risiti? Wale boda wakaitwa, wakakubali. Lakini sehemu nyingine haikuwa na maelezo yoyote. Na kwenye vishina vya hundi likatoka jambo ambalo hatukuwa tukilitafuta.

WAFULA: Lipi?

HADIJA: Mwenyekiti alikuwa anasafiri sana Kampala. Ili asisumbuliwe, alikuwa anasaini hundi kabla, bila kiasi, bila jina. Kwenye kitabu cha hundi tulikuta majani matano yameshasainiwa, yanasubiri.

WAFULA: Basi pale hapakuwa na zile sahihi mbili ambazo hundi ya chama hutakiwa kuwa nazo. Palikuwa na sahihi moja na kalamu iliyoazimwa.

HADIJA: Na ndiye alikuwa aongoze mkutano wa kumjadili mweka hazina!

WAFULA: Hapana, hapo akae pembeni. Makamu aongoze, au wazazi wachague mtu kwa siku ile tu. Na katibu aandike kila kitu: waliohudhuria, kura ngapi. Uamuzi wa PTA bila kumbukumbu unafutwa na mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

HADIJA: Mwenyekiti alijiuzulu kabla ya mkutano. Mweka hazina akaondolewa kwa kura, akakubali kwa maandishi kurudisha pesa kwa awamu tatu.

WAFULA: Na kama angekataa?

HADIJA: Wengi walitaka polisi siku ileile.

WAFULA: Polisi ni haki yenu, pesa za wazazi zikiibwa ni wizi kama wizi mwingine. Afisa elimu wa wilaya naye ajulishwe. Na kama zilizoguswa ni zile serikali inazotuma shuleni, kuna ofisi ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayechunguza rushwa. Ila uende na faili. Ukienda na picha za WhatsApp pekee, wataanza kukuuliza wewe maswali.

HADIJA: Sasa tumjibu wa Tororo.

WAFULA: Asimtoe mtu kwenye grupu. Kuanzia leo, pesa zisiingie tena kwenye laini ya mtu, ziende kwenye akaunti ya chama. Halafu barua: taarifa ya laini hiyo tangu muhula uanze. Na hilo la «mwenyekiti anajua», mwenyekiti naye aliandike na kulisaini.

HADIJA: Hapo utaona nani anajua.

WAFULA: Awamu tatu zenyewe, alilipa?

HADIJA: Ngoja nifungue. Ya kwanza, imelipwa. Ya pili, imelipwa, pungufu ya shilingi 20,000. Ya tatu nilipiga mstari nikaacha nafasi, na hapo ndipo mtoto alipotafuna.

WAFULA: Na mke wake?

HADIJA: Mwaka jana alirudi. Akachagua kitenge cha buluu, akalipa taslimu, akasimama. Nikamwuliza kuna nini tena. Akasema, «Risiti.»