Samurai Waliosubiri Ajira ya Shogun

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelieleza mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado tunamfikiria samurai kuwa mtu wa upanga tu, ilhali katika zama za Edo nchini Japani, kati ya 1603 na 1868, samurai wengi wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi hiyo, waliishi kwa amani wakitafuta nafasi ya ukarani au ulinzi serikalini, na wengi hawakuipata.

Mtazameni Katsu Kokichi, aliyezaliwa mwaka 1802 na kupokewa utotoni kuwa mrithi wa ukoo wa Katsu, uliokuwa ukipata posho ya koku 41 kwa mwaka, na koku moja ni takriban lita 180 za mchele. Posho hiyo ilikuwa haki ya ukoo, iwe mwenyewe ana kazi au hana. Asiye na wadhifa aliwekwa katika kundi la kobushin, naye akawa anahudhuria kwa mkuu wa kundi ili aonekane na kukumbukwa. Kokichi alianza kuhudhuria akiwa kijana asiyeweza kuandika hata jina lake, ikabidi aandikiwe na mwingine. Baadaye alikuwa akivaa mavazi rasmi asubuhi na kuzunguka kwa wakubwa, lakini wadhifa hakuupata maisha yake yote, kama alivyosimulia mwenyewe katika maandishi yake ya mwaka 1843.

Najua mtaniambia kwamba alikuwa mgomvi, na ni kweli, kwani jamaa zake walifikia kumfungia kizimbani nyumbani. Basi nielezeni habari ya Ota Nanpo, mwandishi mashuhuri, aliyeongoza daraja lake katika mtihani wa serikali wa mwaka 1794 akiwa na umri wa miaka 45, akapewa kazi ya hesabu mwaka 1796! Nafasi zilikuwa chache kuliko koo zilizozigombea, na daraja la ukoo lilitangulia uwezo wa mtu. Nyongeza ya posho kwa wenye vyeo, iliyoanzishwa na shogun Yoshimune mwaka 1723, ilisaidia, lakini haikuzidisha nafasi.

Habari za ronin, yaani samurai wasio na bwana, naziacha, maana muda umekwisha. Mwana wa Kokichi, Katsu Kaishu, aliajiriwa mwaka 1855 kutafsiri vitabu vya Kiholanzi, kwa kuwa meli za kivita za Marekani zilizofika mwaka 1853 ziliilazimisha serikali kuwatafuta wenye elimu ya Magharibi iliyomo katika vitabu hivyo.