Tango Dogo la Kutafuna Si Tango Lililochumwa Mapema

Ndugu wakulima, mabwana shamba na mabibi shamba, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie matango madogo, yale ya kutafuna mazima bila kumenya. Naanza na jambo linaloharibu soko lake: kuchuma tango la kawaida likiwa changa na kuliuza kama tango dogo. Mnunuzi anayejua atalirudisha. Ashley, aina mojawapo ya matango ya kawaida, ukiichuma ikiwa na sentimita 8, mkononi una vimiiba, na mdomoni pengine uchungu, hasa upande wa kikonyo. Tango dogo halisi limezaliwa na ganda jororo na utamu wake. Halikupata sifa hizo kwa haraka ya mchumaji.

Tofauti kubwa iko kwenye ua. Ashley, Poinsett na Marketmore tulizozizoea hutoa maua dume kwanza, kisha yanakuja majike, kila moja na kijitango nyuma yake. Ua jike hufunguka siku moja tu. Nyuki wasipolitembelea vya kutosha, kijitango hunyauka au hukua kimepinda.

Sasa tazameni haya madogo. Mengi yanatokana na kundi la Beit Alpha, lililopata jina lake kwenye kijiji cha ujamaa cha wakulima huko Israeli. Wataalamu wa mbegu wamelikuza kundi hilo mpaka wakapata mimea inayotoa karibu maua majike matupu, na maua hayo yanabeba bila chavua. Ndiyo maana ndani hukuti mbegu ngumu, na kifundo kimoja cha shina, pale jani linapotokea, huweza kubeba matango mawili, matatu, hata zaidi.

Hapo ushauri wetu wa kila siku unageuka, na naomba mnisikilize vizuri. Kwenye Ashley tunawaambia mweke mzinga karibu, na tunasema kweli. Kwenye aina hizi zisizohitaji chavua, nyuki akitoka kwa jirani na chavua ya Ashley, matango yako yanajaa mbegu na kuvimba kitako. Kwa hiyo zipandwe ndani ya kitalu nyumba au banda la neti, mbali na matango ya kawaida. Someni pakiti kabla ya kununua, au mwulizeni muuzaji waziwazi: aina hii inahitaji nyuki au haihitaji?

Malezi mengine mnayajua: samadi iliyoiva, maji ya matone yasiyokatika, mche na mche sentimita 30 hadi 40, na kamba ya kupandishia. Kwenye vifundo vinne au vitano vya chini toa maua na machipukizi yote, mmea ujenge mizizi na shina kwanza. Ni vigumu kutupa matunda ya kwanza, lakini yatupeni. Vidukari, inzi weupe na ubwiri unga havibagui, vinashambulia aina zote mbili, kwa hiyo geuza majani utazame chini yake kila mara.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchuma. Tango la kawaida likikaa siku mbili zaidi bado utaliuza. Dogo likipita sentimita 10 au 12, limeshatoka kwenye daraja lake, na likiachwa pale linanyonya chakula cha wenzake na mmea unapunguza kuzaa. Joto likiwa kali mnachuma kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tumieni mkasi, msivute, maana shina ni laini.

Na ganda hilo jororo linalopendwa na mlaji ndilo linalopoteza maji upesi. Yawekeni kivulini mara moja, kwenye kreti iliyofunikwa kitambaa chenye unyevu. Msiyatupie barafu: tango hupenda nyuzi 10 hadi 12, na chini ya hapo baada ya siku chache linatoka vidonda vya majimaji.

Mbegu zake ni chotara, huuzwa ghali, na msimu unaofuata lazima ununue tena. Kwa hiyo kwa maoni yangu, asiye na mtu wa kuchuma kila asubuhi, au asiye na hoteli au duka lililokubali kuyapokea, aendelee na Ashley. Mwenye vyote viwili aanze na mstari mmoja, na autafutie mnunuzi kabla ya kupanda wa pili.

Dada pale nyuma ameshanyoosha mkono. Karibu, uliza.