Ukizima Swichi Kubwa, Bodi Bado Ina Moto

Leo tunazungumzia nyumba zenye betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani: ukizima swichi kubwa ya gridi, yaani umeme wa shirika, betri bado inalisha bodi. Pitishianeni hii breka, na kila mmoja aitazame kwa karibu. Plastiki ya chini imeyeyuka, na ukiitikisa unasikia vipande vinagongana ndani. Imeandikwa ampea 63, na mzigo wake haukuwahi kufika hata 50, kwa hiyo haikuzidiwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa AC, ule wa gridi unaopanda na kushuka, fundi akaifunga kwenye betri, ambayo hutoa DC, umeme usiopanda na kushuka. Niliing'oa mwenyewe ukutani, upande wa pili kukiwa na kitanda cha mtoto, na tangu siku hiyo sijaenda kuzungumza na mafundi bila kuibeba.

Umeme wa AC wa hezi 50 hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde. Breka inapokata, cheche inayoruka katikati yake hupata mwanya wa kuzimika. DC haina mwanya huo. Cheche inaendelea kuwaka kama ya mashine ya kuchomelea vyuma, mpaka kitu kiungue. Ndiyo maana breka ya DC huwekewa vibati vya kuirefusha na kuikatakata cheche, na nyingine huwa na sumaku ya kuisukumia kwenye vibati hivyo. Zile zenye alama ya + na − sumaku yake husukuma upande mmoja tu. Sasa fikirini: betri inachajiwa mchana na kutoa usiku, umeme unakwenda na kurudi kwenye waya uleule. Kwa hiyo breka yenye alama hizo haifai kwenye betri. Tafuteni isiyochagua upande, au tumieni fyuzi ya DC.

Kuna wanaosema volti 48 ni ndogo, haimpigi mtu. Mimi sizungumzii kupigwa. Betri ya lithiamu ikipata shoti inaweza kusukuma maelfu ya ampea, na spana iliyoangukia juu ya vichwa vyake inageuka kaa la moto. Hata kazi ya kawaida si ndogo. Inveta ya wati 5000 kwa volti 48 inavuta ampea 104. Betri ikishuka hadi 44, na inveta ikipoteza asilimia 10 njiani, zinafika kama 126. Waya na fyuzi vipimwe kwa hesabu hiyo ya pili. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati yake na betri hakina ulinzi wowote.

Na kazeni skrubu kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa nguvu za mkono. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.005 tu kikipitisha ampea 100 kinazalisha joto la wati 50, sehemu ndogo kama ncha ya kidole, saa baada ya saa.

Upande wa paneli nitapita haraka: paneli 8 za volti 50 zikiunganishwa mfululizo ni volti 400, na jua halina swichi. Msichomoe viunganishi vyake wakati inveta inafanya kazi.

Ninapotaka tukae ni kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, kwa sababu hapa nimeona hata mafundi wazuri wakiteleza. Katika mifumo mingi, nyutro hufungwa na erthi, waya unaokwenda ardhini, upande wa gridi. Gridi ikikatika, inveta nyingi hujitenga nayo kwa nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro. Tangu dakika hiyo nyutro ya nyumba inaelea, haijashikwa na erthi popote. Waya wa moto ukigusa bati la friji, umeme hauna njia ya kurudi, na RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja nje ya njia yake, haioni kitu. Kosa la kwanza linajificha. Likitokea la pili kwenye waya mwingine, mtu anaweza kufa, na RCD ipo ukutani imetulia.

Msidanganywe na kitufe chake cha kujaribia. Kitufe kile hupitisha umeme kati ya moto na nyutro ndani ya RCD yenyewe. Itakata hata kama nyumba haina erthi kabisa.

Inayotakiwa ni inveta yenye rilei, swichi inayojiendesha yenyewe, inayounganisha nyutro na erthi pale tu inapojitenga na gridi, na kuachia gridi inaporudi. Kiungo hicho kikae kabla ya RCD. Baadhi ya inveta zinayo lakini mpaka uiwashe kwenye mipangilio, basi someni kitabu chake. Wala msifunge kipande cha waya cha kudumu mkadhani mmemaliza. Gridi ikirudi mtakuwa na viungo viwili, na umeme wa nyutro utatembea kwenye erthi.

Sakiti mnazohamishia bodi ya betri zihame na nyutro zake. Fundi akihamisha waya wa moto wa taa na kuiacha nyutro kwenye bodi ya zamani, RCD itakatakata bila sababu inayoonekana, au mwenzake atashika nyutro aliyodhani imezimwa. Kwa chenjiova, swichi ya kuhamisha nyumba kati ya gridi na inveta, breka mbili zilizopangwa pamoja hazitoshi. Lazima kuwe na kizuizi cha chuma kinachokataza zote mbili kuwashwa, kwa sababu umeme ukirudi nyuma hadi transfoma, unapanda kuwa maelfu ya volti kwenye waya ambao mtu wa laini ameushika.

Mbele yenu kuna bodi ya mfano ya volti 230. Nazima gridi, inveta imeshika. Mmoja wenu aje na mita. Moto na erthi isome 230, nyutro na erthi isome karibu na sifuri. Akipata kama 115 huku na 115 kule, nyutro inaelea, na hatutawasha soketi hata moja mpaka tujue kwa nini.