Fotokopi Ikitoka, Mashine Inazima

SHABANI: Haya, tupo hewani. Rehema, juzi umenipigia usiku, watoto wamelala, unaniambia "Shabani, nimeliona!" Wasikilizaji nao wanataka kujua umeona nini.

REHEMA: Nisingeweza kusubiri asubuhi. Ni ile desktopu ya mama wa steshenari niliyokuambia. Mafundi wameipitia kabla yangu. Mmoja kapiga Windows upya, mwingine kabadilisha ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, wote wamelipwa, na mashine inazima vilevile.

SHABANI: Inazima moja kwa moja au inajiwasha tena?

REHEMA: Inakatika ghafla, skrini nyeusi, halafu inajiwasha yenyewe. Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe. Ukifungua kumbukumbu za Windows unakuta Kernel-Power 41, na namba ya kosa ni sifuri.

SHABANI: Hiyo inakuambia tu kwamba mashine ilikatika bila kuzimwa kwa utaratibu. Nani kaikata, haisemi.

REHEMA: Kwangu nimeiwekea MemTest86, programu ya kupima ramu, usiku kucha, ramu haina kosa hata moja. Diski nzima. Prosesa nimeitwisha kazi nzito, joto la kawaida. Haikuzima hata mara moja. Nikamrudishia. Jioni ananipigia: "Mwanangu, imezima tena."

SHABANI: Kwako nzima, kwake mgonjwa. Hapo mtu anaanza kumshuku mteja.

REHEMA: Mimi nilienda kukaa dukani kwake, kwenye benchi la wateja. Sikufungua chochote, natazama tu. Akaja mwanafunzi na cheti cha kuzaliwa, anataka kopi. Mama kafunua kifuniko cha printa, kalaza cheti, kabonyeza kitufe. Feni ya ukutani ikapunguza mwendo, kidogo tu, na kompyuta ikakatika. Sasa sikia: waya wa USB kati ya printa na kompyuta ulikuwa unaning'inia. Kijana wake alikuwa ameuchomoa ili achaji simu.

SHABANI: Basi draiva, ile programu ya kuendesha printa, haina kesi. Virusi navyo havina kesi.

REHEMA: Havina. Vitu viwili haviongei kabisa, isipokuwa kwenye umeme. Printa ya leza ina roli ya kuchomea wino kwenye karatasi. Ile roli ikianza kupata moto inavuta mamia ya wati, nyingine karibu elfu moja, kwa sekunde chache. Na vyote viwili viko kwenye ekstensheni moja, iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, inayopita nyuma ya kabati.

SHABANI: Umeme unazama kidogo. Lakini pawasaplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuilisha kompyuta, ikiwa nzima ingevumilia. Huku kwetu umeme ni volti 230, hezi 50, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Viwango vya ATX, vya kutengenezea kompyuta za mezani, vinataka pawasaplai iendelee kulisha mashine kama milisekunde 16 hata umeme ukikatika kabisa. Kuna kapasita kubwa mle ndani, kazi yake ni kama simtanki la juu ya paa: maji ya bomba yakikatika, jikoni bado yanatoka.

REHEMA: Na la huyu mama lilikuwa limebaki tone. Kapasita ikizeeka uwezo wake wa kuhifadhi unashuka. Ukipima na mita hushtuki: waya wa njano 12.1, mwekundu 5, vyote ndani ya ile asilimia 5 inayoruhusiwa. Kuzama kwenyewe ni kufumba na kufumbua, mita ya kawaida haiwahi. Anayewahi ni ule waya wa kijivu. Pawasaplai inautumia kuiambia mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, "umeme uko sawa". Ukishuka tu, mazabodi inajianzisha upya papo hapo. Ndiyo maana hakuna ujumbe wowote.

SHABANI: Ukaithibitisha vipi?

REHEMA: Kompyuta nikaipeleka soketi ya ukuta wa pili. Mama akatoa kopi mfululizo, haikuzima. Nikairudisha kwenye ekstensheni, kopi ya kwanza tu, chali. Basi nikaenda kuichomoa niondoke nayo, nikashika kasha kwa nyuma, likanitekenya mpaka kwenye kiwiko.

SHABANI: Ulikuwa na ndala?

REHEMA: Shabani!

SHABANI: Nauliza. Wasikilizaji wetu wanajua, kwenye kipindi hiki swali la kwanza ni ndala.

REHEMA: Sikuwa na ndala. Dukani kwake mnavua viatu mlangoni, sakafu ya vigae, imetoka kudekiwa.

SHABANI: Hapo sasa. Na mama mwenyewe?

REHEMA: Mama ana kipande cha boksi chini ya meza, anakanyaga hapo akifanya kazi. Kimekwisha chapa nyayo zake. Anasema mashine "ina shoti kidogo" tangu anunue, akazoea.

SHABANI: Hili tulisemee kidogo, naomba. Watu wengi wanaishi hivyo. Ndani ya pawasaplai, pale umeme unapoingia, kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja kelele za umeme. Moja inatoka kwenye laini, waya unaoleta umeme, kwenda kwenye kasha, nyingine kutoka nyutro, waya wa kuurudisha, kwenda kwenye kasha. Ethi, ule waya wa kwenda ardhini, ikiwepo, ule uvujaji mdogo unateremka ardhini na hakuna anayejua. Ethi isipokuwepo, kasha linakaa katikati ya laini na nyutro. Nusu ya 230, kama volti 115.

REHEMA: Na testa ya bisibisi inawaka ukiligusia kasha.

SHABANI: Inawaka! Fundi anasema pawasaplai imekufa, anauza nyingine, nayo inatekenya vilevile.

REHEMA: Kwa sababu mkondo wenyewe ni mdogo, kwa kawaida haufiki miliampea moja. Unatekenya tu. Lakini hutaki kubahatisha, maana waya wa laini ukichubuka kweli ukagusa kasha, kwa mguso wa kwanza utadhani ni kutekenya kulekule ulikokuzoea, na hakuna ethi ya kukuokoa.

SHABANI: Ethi yake ilipotelea wapi? Soketi zetu zina matundu matatu.

REHEMA: Ekstensheni ya kwanza ilikatwa plagi, ikafungwa ya miguu miwili. Unajua inavyoingizwa.

SHABANI: Kalamu.

REHEMA: Kalamu ya biki kwenye tundu la juu, vile vifuniko vya ndani vinafunguka, unasukuma miguu miwili. Kalamu yenyewe iko pale pale, imefungwa kwa uzi ukutani.

SHABANI: Ile ya wateja kusainia?

REHEMA: Hiyohiyo! Na lile tundu ndilo la ethi lenyewe. Mguu wa juu wa plagi umefanywa mrefu makusudi, ethi ishike kwanza, ndipo laini ifunguke. Mtu anafungua mlango wa usalama kwa kalamu, halafu hauingizi usalama wenyewe.

SHABANI: Hapo hata USB inaungua. Kasha linaelea, unachomeka waya kwenda kwenye kifaa chenye ethi, umeme wote ule unatafuta njia kupitia ule waya mwembamba. Nimeona tundu la HDMI limechomwa hivyo, limekuwa jeusi. Nikamuuliza mwenye nyumba, ulikuwa na ndala...

REHEMA: Twende mbele, dakika zinakwisha! Ethi haikuwa chanzo cha kuzima. Nimemfungia plagi ya miguu mitatu, nimehakikisha ukutani ethi ipo. Kisha pawasaplai nimeifungua, nimebadilisha ile kapasita kubwa. Mpya, ya volti 400, ya kuvumilia joto la nyuzi 105. Inafanya kazi vizuri.

SHABANI: Hapo hatuko pamoja.

REHEMA: Najua.

SHABANI: Pawasaplai iliyofunguliwa hairudi kwa mteja. Kapasita ile inabeba kama volti 325 za umeme wa DC, na inaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa. Na kama moja imezeeka, zile ndogo za upande wa kutolea umeme zimezeeka pamoja nayo, zimekaa kwenye joto lilelile. Umebadilisha moja, umeacha nyingine ndani ya duka lenye karatasi tupu. Ungemuuzia nzima.

REHEMA: Nzima ipi? Zile za bei yake ukizishika ni nyepesi kama boksi tupu. Juu wameandika wati 500, ndani kapasita ni ndogo kuliko ile niliyoitoa, na kichujio hakuna kabisa. Na za mitumba zina umri uleule. Hii ya zamani ina shaba na chuma cha kweli, na zile ndogo nimezipima, ziko sawa.

SHABANI: Umezipima leo, mezani kwako.

REHEMA: Na wewe ungempa kitu ambacho hujakipima kabisa, kwa sababu kina plastiki mpya.

SHABANI: Ningempa chenye dhamana. Likitokea la kutokea, kuna wa kumrudia.

REHEMA: Wa kumrudia ni mimi. Namba yangu anayo, duka langu analijua.

SHABANI: Hilo halizimi moto, dada.

REHEMA: Na karatasi ya dhamana haiuzimi pia.

SHABANI: ...Mimi sibadiliki.

REHEMA: Wala mimi.

SHABANI: Sawa. Tuliahidi hatua za kutafuta hitilafu, ya kwanza mpaka ya mwisho, nimeziandika hapa kwenye daftari. Zimebaki dakika mbili.

REHEMA: Soma hata moja.

SHABANI: "Anza kwa kubadilisha pawasaplai kwa nyingine unayoiamini."

REHEMA: Ya kwanza hiyo? Kabla ya kumuuliza mteja nini kingine kinawaka mashine ikizima?

SHABANI: Hiyo niliiweka ya nne.

REHEMA: Ya nne! Basi tusizisome, tutagombana upya. Mwenye kompyuta inayokatika hivi atutumie sauti. Atuambie imechomekwa wapi, pamoja na nini, na plagi ina miguu mingapi.

SHABANI: Na miguuni amevaa nini.

REHEMA: Na miguuni amevaa nini, haya. Ila pawasaplai msifungue wenyewe nyumbani. Kwa hilo mimi na Shabani ni kitu kimoja.

SHABANI: Nyumbani, na dukani kwa...

REHEMA: Wiki ijayo, Shabani. Kwaherini!