Baridi Imefika, Baiskeli Haipumziki: Jinsi ya Kujitoa Nje Kila Wiki

Habari zenu, karibuni tena. Mnaliona dirisha hilo nyuma yangu? Giza totoro. Sasa hivi ni saa tatu usiku, nami nimevaa kandambili na sweta, nipo ndani, nawafundisha kuendesha baiskeli kwenye baridi. Sijakosea ratiba. Sehemu ngumu ya safari ya kesho asubuhi inafanyika saa hizi, na ndiyo maana kamera nimeiwasha sasa.

Wengi huniuliza hamasa naitoa wapi. Jamani, sina. Saa kumi na mbili asubuhi, nje nyuzi 2 na upepo unavuma, hamasa haijawahi kunitembelea chumbani. Kinachonitoa kitandani ni kile kiti pale chenye nguo zilizopangwa. Nikiamka nikaanza kutafuta soksi, nimeshindwa, narudi kulala. Nikizikuta zimewekwa, mikono inavaa kabla kichwa hakijaanza kubishana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, usiku huu huu: angalia hali ya hewa ya saa utakayotoka, si ya siku nzima. Usiishie kwenye nyuzi joto. Angalia upepo. Ikiwa ni nyuzi 0 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni nyuzi 6 hivi chini ya sifuri. Na kumbuka kwamba baiskeli yenyewe inatengeneza upepo: hata siku iliyotulia, ukiwa unakimbia kilomita 25 kwa saa unapigwa na upepo wa kiasi hicho hicho.

Ukishajua upepo unatoka wapi, panga njia. Kama unaenda kuzunguka tu na kurudi, anza kwa kuukabili upepo. Utaona taabu, ndiyo, lakini una nguvu na bado hujalowa jasho. Ukigeuza, upepo unakusukuma nyumbani. Ukifanya kinyume, utakwenda mbio kwa raha, utalowa, halafu utageuka na jasho lako mwilini kupokea upepo usoni. Nilifanya hivyo mara moja. Nilifika nyumbani siwezi kufungua kufuli, vidole vimekufa ganzi, nikabaki nimesimama mlangoni kama mgeni.

Hatua ya pili, nguo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoacha baiskeli wakati wa baridi hawakushindwa na baridi, walishindwa na jasho.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, ukisimama kwenye taa za barabarani unahisi kama umefungwa kitambaa kibichi mgongoni. Vaa sufu nyepesi au nguo za michezo za poliesta. Sufu ina faida moja kubwa: hata ikipata unyevu bado inatunza joto. Juu yake vaa kitu cha kuhifadhi joto, sweta jembamba linatosha. Halafu jaketi la kuzuia upepo, hasa kifuani. Likiwa na zipu kwapani, bora zaidi. Koti zito la kutembelea liache kwenye msumari wake.

Mtajuaje kama mmevaa vya kutosha? Simama nje ya mlango dakika moja. Ukihisi baridi kidogo, umepatia. Ukihisi joto zuri kabisa, rudi ndani uvue kitu kimoja, la sivyo baada ya kilomita mbili utakuwa unachemka.

Lakini mikono, miguu na masikio havifuati kanuni hiyo. Hivyo vifunike vizuri tangu mwanzo. Glavu zenye vidole vitano zinafaa baridi ya kawaida. Ikishuka chini ya sifuri, tafuta zile zinazoweka vidole viwili viwili pamoja. Vinapeana joto na bado unashika breki. Miguuni, kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kulundika soksi mbili nene ndani ya kiatu kilichobana. Kiatu kikibana, damu haipiti vizuri na hewa ya kutunza joto haina pa kukaa. Soksi moja ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole inashinda hizo mbili. Juu ya kiatu vaa kifuniko cha kuzuia maji na upepo.

Sasa tazama hapa. Suruali, fulana, sweta, jaketi. Glavu pembeni. Soksi ndani ya viatu. Nimepanga kwa mpangilio wa kuvaa, cha kwanza kiko juu. Najua inaonekana kama mtoto anayejiandaa kwa siku ya kwanza ya shule. Sijali.

Hatua ya tatu, taa. Betri hupungua nguvu kwenye baridi, taa inayokaa saa tatu wakati wa joto isikudanganye. Chaji usiku, chukua na ya akiba. Kama baiskeli yako ni ya umeme, betri yake ilale ndani, na usiichaji ikiwa imeganda kwa baridi. Ngoja kwanza ipate joto la chumbani. Chupa ya maji jaza maji ya uvuguvugu asubuhi, na unywe hata kama husikii kiu, maana kwenye baridi kiu inajificha.

Hatua ya nne ni ya asubuhi, nayo ni fupi. Jiahidi dakika kumi tu. Si kilomita 40, si mazoezi ya nguvu, dakika kumi. Zikiisha na bado unateseka, geuza, rudi, hakuna atakayekudai. Mimi nimegeuza mara chache sana, kwa sababu ifikapo dakika ya kumi mwili umeshapata moto. Zile dakika kumi za mwanzo ni mbaya kwa kila mtu, ukizijua kwamba ni mbaya hazikutishi.

Inasaidia pia kama mwisho wa safari kuna kitu. Mtu anakusubiri kwenye kona, au una kazi ya kufika, au mkate wa kununua. Kuzunguka bila sababu kunapendeza wakati wa jua. Wakati wa baridi, mpe mwenzako ahadi. Kumwacha mtu akitetemeka barabarani peke yake ni aibu kuliko kuamka.

Sasa jambo ambalo sitaki mtu anielewe vibaya. Mvua ni kero. Baridi ni kero. Barafu ni hatari. Siku yenye barafu barabarani, na huna matairi yake, usitoke, na usijione mvivu.

Matairi ya barafu yana vijino vidogo vya chuma kigumu vinavyouma barafu. Kama una uwezo wa kununua moja tu, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unajiokoa. La mbele likiteleza, umeshalala chini kabla ya kusema lolote. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, punguza upepo kidogo ili tairi lishike eneo kubwa zaidi, ila usishuke chini ya kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Katika mji wa Oulu, kaskazini mwa Ufini, watu wengi hupita na baiskeli juu ya theluji iliyoshindiliwa majira yote ya baridi, wakiwemo watoto wa shule. Theluji yenyewe haina ubaya ikitunzwa.

Jihadhari na madaraja: hewa baridi inapita juu na chini, kwa hiyo huganda mapema kuliko barabara nyingine. Majani yaliyolowa, mistari iliyopakwa rangi na vifuniko vya chuma vya mashimo barabarani, vyote vinateleza. Ukijikuta tayari uko juu ya barafu, usishike breki, usikate kona, usikanyage pedali kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono iliyolegea, baiskeli ipite kwa mwendo wake hadi ifike penye lami kavu.

Ukirudi, vua nguo zilizolowa kabla ya kukaa. Kabla ya chai. Kabla ya simu. Halafu baiskeli: barabara zikinyunyiziwa chumvi, hiyo chumvi inakula cheni haraka. Mwagia maji kidogo, futa kwa kitambaa, tia oili ya mvua ambayo haisombwi kirahisi. Dakika tano zinatosha. Na kama bado hujafunga madigadi, funga. Maji ya tope mgongoni yamewarudisha watu wengi ndani kuliko theluji.

Kesho wanasema nyuzi 1, upepo kutoka kaskazini, hakuna barafu. Basi naanza kwa kuelekea kaskazini. Nikiangalia kile kiti, naona glavu moja tu. Ngoja nizime kamera niitafute nyingine sasa hivi, na taa ya nyuma bado sijaichaji.